Hifadhidata Nayo Ipitie Kwenye Git

Timu nyingi za programu hapa kwetu zimeshazoea Git, zana inayotunza kila toleo la msimbo pamoja na historia yake. Msanidi mgeni anapewa anwani ya hazina, anavuta msimbo, na kabla ya chai ya saa nne anaweza kuona nani aliandika mstari gani, lini, na kwa sababu ipi. Kisha anauliza skima ya hifadhidata, yaani maelezo ya majedwali na muundo wake, iko wapi, na majibu yanaanza kubabaika. Mmoja anamtumia faili la SQL, lugha ya amri za hifadhidata, kwa WhatsApp. Mwingine anamwambia aombe nakala ya seva ya majaribio. Wa tatu anamshauri amsubiri bosi wa hifadhidata arudi likizo, maana ni yeye pekee anayejua jedwali la malipo lilibadilishwa vipi mwezi uliopita.

Hali hii imezoeleka kiasi kwamba watu wameacha kuiona. Mimi naiona kuwa udhaifu mkubwa kuliko wote katika kazi ya timu, mkubwa kuliko msimbo usio na majaribio. Jedwali ni msimbo. Faharasa inayoharakisha utafutaji ni msimbo. Prosija, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya hifadhidata na kukokotoa riba, ni msimbo, tena ule unaogusa fedha za watu. Vyote vinapaswa kupita mlango mmoja na msimbo mwingine: viandikwe kwenye faili, mwenzako avisome, vijaribiwe, kisha mashine ndiyo ivipeleke kwenye seva inayohudumia wateja. Mtu akiingia kwenye seva hiyo na kuandika ALTER TABLE, amri ya kubadili jedwali, kwa mkono, hata akiwa na nia njema, anaiacha timu nzima ikiwa haijui tena mfumo wake ukoje.

Kuchelewa kwa hifadhidata kuna sababu ya kweli, na ni haki kuieleza. Udhibiti wa matoleo ni jambo la zamani: SCCS ilizaliwa Bell Labs mwaka 1972, na Git yenyewe iliandikwa na Linus Torvalds Aprili 2005, pale watengenezaji wa kiini cha Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure zana yao ya awali, BitKeeper. Zana zote hizo zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba toleo jipya la faili linaweza kuchukua nafasi ya la zamani bila kubakiza kitu. Faili la Java ukilifuta ukaweka jingine, hakuna kilichopotea. Jedwali la wagonjwa huwezi kulifuta ukaweka jingine, kwa sababu ndani yake wamo wagonjwa. Kwa hiyo haitoshi kuhifadhi picha ya jedwali linavyotakiwa kuwa. Inabidi uhifadhi pia njia ya kulifikisha hapo kutoka lilipo sasa, data ikiwa salama ndani yake.

Njia hiyo ndiyo wasanidi wanaita migresheni. Ni faili dogo lenye badiliko moja, lenye namba au tarehe yake, linalotekelezwa mara moja tu kwa kila hifadhidata na kwa mpangilio ule ule kila mahali. Ruby on Rails, mfumo wa kujengea tovuti, iliifanya desturi hiyo ienee kuanzia mwaka 2005. Zana ya Liquibase ikafuata mwaka 2006, Flyway mwaka 2010, na Django, mfumo mwingine wa kujengea tovuti, ikaiingiza ndani ya toleo lake la 1.7 mwaka 2014. Anayetumia Laravel, mfumo wa namna hiyo hiyo, anaifahamu tangu siku yake ya kwanza. Zana si tatizo tena, na hazijawa tatizo kwa miaka mingi.

Anayedhani haya ni mambo ya kampuni kubwa za California aangalie mfumo uliokulia Eldoret. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walifika kwenye mradi wa AMPATH, ambao Chuo Kikuu cha Moi kinauendesha pamoja na washirika wa Marekani. Idadi ya wagonjwa wa VVU ilikuwa ikipanda kwa kasi ambayo hifadhidata iliyokuwapo isingeihimili. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java juu ya hifadhidata ya MySQL, ambao ulianza kutumika Eldoret na Rwanda mwaka 2006. Leo KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa ya nchi hizo mbili, zote zimejengwa juu yake.

Fikiria tatizo walilokuwa nalo watengenezaji wake. Kampuni yenye seva moja inaweza, kwa shida, kukumbuka seva hiyo imefanyiwa nini. OpenMRS ilikuwa ikiwekwa kwenye seva za hospitali na zahanati nyingi, nyingine zikiwa chumba cha nyuma cha kliniki isiyo na mtandao wa kuaminika, na kila moja ikiwa kwenye toleo lake. Kliniki moja imeruka matoleo mawili, nyingine imeruka manne. Fundi anapofika na toleo jipya, ni mabadiliko yapi ya majedwali ayatekeleze, na yapi ameshayatekeleza mwenzake aliyepita hapo mwaka jana? Mwanzoni mradi ulitumia faili moja refu la SQL lililokuwa likiongezwa mabadiliko chini kila toleo lilipotoka. Baadaye wakahamia Liquibase, na mafaili yake ya mabadiliko yamo kwenye Git pamoja na msimbo wa Java, wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Utaratibu wake unastahili kuelezwa, maana ndani yake mna kila kitu ninachokitetea. Ndani ya hifadhidata ya kila kliniki kuna jedwali linaloitwa liquibasechangelog. Kila badiliko likitekelezwa, linaandikwa humo: kitambulisho chake, jina la mwandishi, faili lilikotoka, tarehe ya kutekelezwa, na alama ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na maudhui yake. Toleo jipya likiwashwa, programu inalinganisha mafaili iliyokuja nayo na jedwali hilo, inaona yapi hayajatekelezwa, na inamtaka msimamizi aingie na kuyaruhusu. Fundi hahitaji kumkumbuka aliyemtangulia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ndilo daftari lenyewe, tena linakaa ndani ya ile ile mali.

Alama ya ukaguzi ina kazi ambayo wengi huielewa wakiwa wameshachelewa. Badiliko likishatekelezwa popote nje ya kompyuta yako, faili lake haliguswi tena. Ukigundua kwamba safu uliyoiongeza jana ni fupi mno, usirudi kulirekebisha faili la jana. Andika jipya linaloirefusha. Ukilirekebisha la jana, hifadhidata zilizokwisha kulitekeleza zitabaki na safu fupi na zile mpya zitapata ndefu, huku zote zikidai kuwa toleo moja. Liquibase na Flyway huligundua hilo na kugoma kuendelea. Nimeona watu wakikasirishwa na mgomo huo na kutafuta namna ya kuunyamazisha. Waache kuunyamazisha. Kugoma huko ndiko kunakowalinda.

Katika timu yenye watu zaidi ya mmoja kuna jambo jingine ambalo Git peke yake haliwezi. Msanidi mmoja kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya kazi inayoendelea kando, ameandika migresheni namba 42 inayobadilisha jina la safu kutoka simu kuwa simu_ya_kwanza. Mwenzake kwenye tawi jingine ameandika namba 42 yake, inayojenga faharasa juu ya safu simu. Mafaili ni mawili tofauti, majina ni tofauti, na Git itayaunganisha matawi hayo bila kulalamika hata kidogo. Hifadhidata ndiyo itakayolalamika, na ikiwa hakuna mashine inayotekeleza migresheni zote kuanzia mwanzo kila matawi yanapounganishwa, italalamikia kwenye seva ya wateja. Kutumia tarehe na saa badala ya namba za kufuatana kunaondoa mgongano wa namba tu, mgongano wa maana unabaki. Django angalau hugundua kwamba kuna njia mbili zinazotoka mahali pamoja na kudai mtu aziunganishe kwa makusudi. Kwa zana nyingine dawa ni hiyo mashine: kila ombi la kuunganisha tawi lijenge hifadhidata tupu, litekeleze mafaili yote, kisha liendeshe majaribio. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL ndani ya kontena, yaani mazingira madogo yaliyotengwa, kazi hiyo kwa kawaida ni ya dakika chache.

Prosija, mionekano (maulizo yaliyohifadhiwa) na vichochezi (amri zinazojiendesha data ikibadilika) vinahitaji kutazamwa kivyake, na hapa natofautiana na timu zinazovitia kwenye kapu moja na majedwali. Prosija haina data ndani yake. Unaweza kuifuta na kuiweka upya bila kupoteza rekodi hata moja. Kwa hiyo haina haja ya kuhifadhiwa kama mlolongo wa mabadiliko. Kila prosija iwe na faili lake moja, lenye jina lake, na faili hilo lihaririwe kama faili la msimbo wowote. Flyway ina migresheni za kurudiwa zinazoanza na herufi R, na Liquibase ina sifa ya runOnChange. Zote mbili husema jambo moja, kwamba faili likibadilika, litekelezwe tena. Faida yake inaonekana wakati wa kusomana. Mistari mitatu iliyobadilika kwenye prosija ya riba inaonekana kuwa mistari mitatu. Ukiiandika kama migresheni mpya, mwenzako anapewa prosija nzima ya mistari mia nne inayoonekana mpya kabisa, na hakuna binadamu atakayeisoma kwa makini saa kumi na moja jioni.

Mahali penye prosija nyingi za hifadhidata za Oracle na SQL Server ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi. Kanuni za biashara zimo humo: tozo inakatwaje, mkopo unahesabiwa umechelewa lini, salio linafungwa saa ngapi. Mkaguzi akiuliza kanuni ya tozo ilikuwaje Machi iliyopita, hifadhidata haiwezi kumjibu, maana amri ya CREATE OR REPLACE, inayoweka prosija mpya juu ya ya zamani, haikumbuki ilichokifuta. Git inamjibu kwa amri moja.

Data za marejeo nazo zimo kwenye hoja hii. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Kwa mfumo wenye jedwali la mikoa, hilo ni badiliko la toleo kamili: mkoa unaongezwa, wilaya zinahamishwa mzazi, ripoti za zamani zinaamuliwa zisomeke vipi. Likifanywa kwa mkono kwenye seva moja na kusahaulika kwenye nyingine, miezi sita baadaye takwimu za Mbeya hazitalingana na hakuna atakayejua kwa nini. Liandikwe kwenye faili.

Data za watu, kinyume chake, zisiingie kwenye hazina kamwe. Naisema kwa ukali kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kila timu: mtu anachukua nakala nzima ya seva ya wateja, namba za simu na za vitambulisho zikiwamo, anaitupa kwenye Git ili wenzake wapate kitu cha kujaribia. Git imeundwa isisahau. Kufuta faili leo hakuliondoi kwenye historia wala kwenye kompyuta za wote waliokwisha kulivuta. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata zisingekuwapo, mgonjwa aliyeandikishwa kliniki hakukubali jina lake likae kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Sasa nije kwenye pingamizi lenye uzito. Wataalamu wa hifadhidata wazoefu husema kwamba vijana wa programu wakiruhusiwa kupeleka mabadiliko kwa mashine, wataangusha seva. Wana hoja. Kwenye PostgreSQL, aina nyingi za ALTER TABLE zinahitaji kufuli linalozuia kila mwingine kuligusa jedwali. Amri yenyewe inaweza kuwa ya sekunde moja, lakini ikikuta ripoti ndefu inaendelea kusoma jedwali hilo, itaisubiri, na kila ulizo jipya litapanga foleni nyuma yake mpaka mfumo mzima usimame. Kabla ya toleo la 11 la mwaka 2018, kuongeza safu yenye thamani ya kuanzia kulilazimu jedwali zima liandikwe upya. MySQL ina mtego wake: kila amri ya kubadili jedwali inafunga muamala, yaani inathibitisha yaliyokwisha kufanyika, papo hapo, kwa hiyo migresheni ya amri tano ikikwama kwenye ya tatu, mbili za kwanza zinabaki na huwezi kurudi nyuma kama unavyorudi kwenye PostgreSQL. Oracle nayo ni hivyo hivyo.

Maarifa haya ndiyo yanayomfanya mtaalamu huyo ahitajike kwenye mapitio. Akiyatumia peke yake usiku kwenye skrini nyeusi, hakuna anayejifunza, na akihamia kampuni nyingine anaondoka nayo. Akiyaandika kama maoni chini ya ombi la kuunganisha, kwamba weka lock_timeout ili amri isisubiri kufuli bila kikomo, jenga faharasa kwa CONCURRENTLY ili uandishi usizuiwe, igawe amri hii mara mbili, basi kila msanidi aliyelisoma anabaki nayo. Asiidhinishe yeye, badiliko lisiende. Mamlaka yake hayapungui hata chembe. Yanakuwa na maandishi.

Tena ukiandika mabadiliko kwenye mafaili unalazimika kuyapanga kwa hatua. Chukua ile safu ya simu. Wateja wengi wana laini mbili, ya M-Pesa na ya mtandao mwingine, na safu moja haitoshi tena. Hatua ya kwanza inaongeza jedwali jipya la namba na kuiacha safu ya zamani ilivyo. Ya pili inaifanya programu iandike kote kuwili. Ya tatu inanakili namba za zamani kwa mafungu madogo, ili seva isizidiwe. Ya nne inahamisha usomaji. Wiki kadhaa baadaye, ikithibitika hakuna anayeigusa tena, ya tano inaifuta safu ya zamani. Kila hatua ni faili lake na ombi lake, na katikati ya hatua zozote mbili toleo la zamani na toleo jipya la programu vyote vinafanya kazi. Anayefanya yote kwa mkono usiku mmoja hukosa subira ya hatua tano.

Kuhusu kurudi nyuma, siamini sana skripti za kutengua ambazo zana nyingi hukutaka uziandike. Skripti inaweza kuirudisha safu uliyoifuta, lakini safu itarudi tupu. Kinachorudisha data ni nakala rudufu, na udhibiti wa matoleo haukupi nakala rudufu. Ushahidi wake ni GitLab, kampuni ambayo biashara yake yote ni Git. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, akihangaika usiku na seva ya pili ya PostgreSQL iliyoacha kwenda sambamba na ya kwanza, alifuta saraka ya data kwenye seva kuu. Alisimamisha amri baada ya muda mfupi, zikawa zimebaki takribani gigabaiti 4.5 kati ya 300. Kisha wakagundua kwamba nakala rudufu za zana ya pg_dump hazikuwa zikitengenezwa, kwa kuwa zana ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa kabla hazijamfikia mtu. Wakaokolewa na picha ya data ya takribani saa sita kabla ya ajali, ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine. Hazina za Git za wateja hazikudhurika. Kilichopotea ni vile vilivyokuwa kwenye hifadhidata katika saa hizo: miradi mipya, maoni, akaunti za watumiaji. Heshima yao kwangu ni kwamba waliandika kila kitu hadharani, na hata urejeshaji wakaurusha moja kwa moja ulimwengu ukitazama.

Wapo watakaosema timu yao ni ya watu watatu na mteja anataka kazi Ijumaa. Kwa watu watatu gharama ni ndogo zaidi: saraka moja, zana moja ya bure, na makubaliano. Kuhusu mtandao unaokatika, Git inahifadhi mabadiliko kwenye kompyuta yako bila mtandao wowote, na migresheni iliyoandikwa Kigoma umeme ukiwa umekatika itapanda salama kesho yake.

Mfumo ulio hai tayari hauhitaji kuanza upya. Toa skima pekee bila data, kwa pg_dump yenye --schema-only au mysqldump yenye --no-data na --routines, iweke kwenye hazina kuwa faili la kwanza, na uiambie zana kwamba hifadhidata zilizopo zimeshalitekeleza. Fanya hivyo kwa seva ya wateja na ya majaribio, kisha linganisha mafaili mawili. Yatatofautiana. Utakuta faharasa iliyojengwa usiku wa dharura na kusahaulika, jedwali lenye _old2 mwishoni, prosija ambayo upande mmoja ina mstari wa ziada. Kaeni timu nzima mliamulie kila tofauti, mkianza na prosija za fedha. Kisha akaunti ambayo programu huitumia iachiwe kusoma na kuandika rekodi tu, haki ya kubadili majedwali ihamie kwenye akaunti ya mashine inayotekeleza migresheni, na nywila ya zamani iliyokuwa ikijulikana na watu watano ibadilishwe siku ile ile.